UZI: Sato wanakufa vizimbani. Tuendelee kujaribu dawa zisizothibitishwa, au tuache kutafuta?

Mwalo_Kayenze · Jumatatu, saa 2:10 usiku

Wakuu, habari za jioni.

Huku Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, upepo wa kusi umeshaanza, na kuanzia Igombe, Kayenze, visiwa vya Magu hadi upande wa Sengerema na Buchosa kilio ni kimoja. Vifaranga wa sato wanakufa kati ya wiki ya pili na ya nne baada ya kuingizwa kizimbani, yaani kwenye wavu wa kufugia unaoelea ziwani. Halafu kuna vile vifo vya asubuhi moja, samaki wakubwa wanaelea kwa mamia.

Kila mwalo (ufukwe wanapokusanyika wavuvi na wafugaji) una dawa yake. Kitunguu saumu kwenye chakula. Maji ya bakteria rafiki kwenye madumu ya lita 20. Chumvi ya mawe kwenye viroba vinavyoning'inizwa pembeni mwa wavu. Mwarobaini. Permanganeti, ile kemikali ya zambarau ya kuua vijidudu. Unga wa antibiotiki wa kuku. Na kila dawa ina mtu wa kuapa kwamba vifo vilikoma siku ya tatu.

Siulizi dawa ipi ni nzuri. Nauliza mfugaji aamueje: ni wakati gani anaweza kujaribu kitu ambacho hakijathibitishwa, na ni wakati gani aache kutafuta dawa, pesa iliyobaki aipeleke kwingine. Naomba wenye ujuzi watoe hatua na vipimo. Marejesho ya mkopo wa vizimba hayasubiri.

Fundi_Nyavu · Jumatatu, saa 2:48 usiku

Mkuu, umetaja vifo vya aina mbili, na nusu ya pesa inayopotea inapotea kwa sababu watu wanavitibu kama kitu kimoja.

Samaki wakifa wengi alfajiri moja, wakubwa wakitangulia, midomo wazi juu ya maji, hiyo ni hewa. Hakuna dawa ya kuchanganya kwenye chakula itakayorudisha oksijeni. Vifo vikianza na samaki wachache, vikapanda siku hadi siku na wengi wao ni wadogo, hapo ndipo ufikirie ugonjwa au madhara ya kusafirisha na kushikashika. Na ukiona furu (samaki wadogo wa asili wa ziwa) na dagaa wamekufa nje ya kizimba pia, shida iko kwenye maji ya eneo zima, acha kuangalia ndani ya wavu wako.

Kabla hujanunua chochote, azima au nunua kipimo cha oksijeni. Pima saa 11 alfajiri kabla jua halijatoka. Pima juu, katikati na karibu na kitako cha wavu, kisha rudia mita 10 nje ya kizimba upande mkondo unakotokea. Sato anaenda vizuri oksijeni ikiwa juu ya miligramu 5 kwa lita. Chini ya 3 anaacha kula na kinga inashuka. Ikikaribia 1 unahesabu mizoga.

Nje ukipata 6 na ndani 3, mkosaji ni wavu ulioziba kwa mwani au msongamano. Nje na ndani kote ikiwa 2, umeweka kizimba mahali pabaya, au maji yamepinduka.

KusiNaMatlai · Jumatatu, saa 3:20 usiku

Naongezea hapo kwenye maji kupinduka, maana huu ndio msimu wake.

Kuanzia Septemba au Oktoba hadi karibu Mei, ziwa hujipanga kwa tabaka: maji ya joto juu, ya baridi chini. Lile tabaka la chini linakaa miezi bila kugusana na hewa, oksijeni inaliwa na vinavyooza. Kusi inapovuma mfululizo, Juni hadi Agosti, tabaka zinavunjika. Kwenye ghuba, upepo unaweza kuyasukuma maji ya juu upande mmoja na yale ya chini yakapanda upande mwingine. Dalili zake ni joto la maji ya juu kushuka ghafla, rangi kubadilika, na wakati mwingine harufu kama ya yai viza.

Angalizo kuhusu kipimo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa nyuzi 25, maji yaliyoshiba hewa huku yana oksijeni kama miligramu 7.2 kwa lita, wakati pwani yangekuwa na 8.2 hivi. Kipimo kisipowekewa mwinuko, kitakuonyesha namba ya pwani na utadhani uko salama. Na ukisoma 9 au 10 saa 9 alasiri, usishangilie. Huo ni mwani unatengeneza oksijeni mchana, na usiku utaila wenyewe.

Mwalo_Kayenze · Jumatatu, saa 3:41 usiku

Asanteni. Basi tuseme mtu amepima, nje na ndani ni 6, wavu ni msafi, na vifaranga bado wanakufa. Hapo ndipo dawa zinapoingia. Nani aanze?

Hadubini · Jumatatu, saa 4:15 usiku

Bado hajafika kwenye dawa, mkuu. Kuna hatua ya kumwangalia samaki mwenyewe.

Chota samaki 6 hadi 8 wanaokaribia kufa, wanaoogelea kwa kulala ubavu. Mzoga uliovimba hausemi kitu tena, umeshaoza. Fungua kifuniko cha matamvua, yale anayopumulia. Matamvua mazima ni mekundu kama damu mbichi na nyuzi zake zinaachana. Yakiwa yamekatika-katika, yana madoa ya manjano au kahawia kama yameoza, na mgongoni kuna bato lenye weupe mithili ya tandiko la punda, shuku kolumnarisi. Ni bakteria anayependa kuingia baada ya samaki kusuguliwa kwenye wavu au ndoo. Macho yakitokeza na samaki anazunguka kama pia, hasa wakubwa na maji yakiwa ya joto, shuku streptokokasi, bakteria mwingine. Ngozi kuwa nyeusi, kuchubuka, macho kuingia ukungu, na vifo kukolea ndani ya mwezi wa kwanza baada ya kuhamishwa, fikiria virusi vya sato, vile vinavyojulikana kwa herufi TiLV. Wakijisugua kwenye wavu na kumetameta ubavu, kwangua ute kidogo nyuma ya pezi, weka tone la maji juu yake, angalia kwenye hadubini ya kawaida. Vimelea vya mviringo vinavyozunguka kama gurudumu utaviona bila shida.

Dalili hizi zinafanana na zinaingiliana, kwa hiyo macho hayatoshi kwa bakteria na virusi. Kwa bakteria, peleka samaki aliye hai au aliyekufa sasa hivi, ndani ya mfuko juu ya barafu, siku hiyohiyo. Kwa virusi, kata vipande vya ini, wengu na ubongo, kila kimoja kisizidi punje ya harage, tumbukiza kwenye alkoholi ya asilimia 95 iliyo mara kumi ya ujazo wa vipande. Andika tarehe na namba ya kizimba kwa penseli, wino unayeyuka kwenye alkoholi. Mwanza tuna TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), tuna maabara ya TVLA (wakala wa maabara za mifugo), tuna FETA (chuo cha uvuvi) pale Nyegezi. Anza kwa afisa uvuvi wa wilaya akuelekeze ni wapi wanapokea sampuli ya aina hiyo kwa sasa.

TiLV ilielezwa kisayansi mwaka 2014, na mwaka 2018 watafiti wakachapisha kwamba vinasaba vyake vimeonekana kwenye samaki wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda na wa Tanzania. Haina dawa ya kuitibu. Jibu la maabara likirudi na virusi hivyo, utafutaji wa dawa kwa wale samaki umeisha siku hiyo.

Mama_Vizimba · Jumanne, saa 12:30 asubuhi

Naomba tupige hesabu za zile dawa, kwa sababu nyingine zinajikataa zenyewe kabla hujauliza kama zimethibitishwa.

Chumvi kwanza. Kwenye tangi chumvi inajulikana vizuri: gramu 10 kwa kila lita, dakika 10 hadi 15 ukiwa umesimama hapo unaangalia, huondoa vimelea vingi vya nje na kupunguza ukungu wa pamba. Tangi la lita 500 linahitaji kilo 5. Samaki akianza kulala ubavu, mtoe. Hiyo haina utata. Sasa chukua kizimba cha mita 5 kwa 5, wavu umezama mita 3. Ni mita za ujazo 75, yaani lita 75,000. Kufikia gramu 10 kwa lita unahitaji kilo 750 za chumvi, tena ukiwa umezungushia turubai chini na pembeni ili isitoke. Kile kiroba cha kilo 25 kinachoning'inizwa hakitibu samaki hata mmoja.

Sasa mkondo. Chukua mkondo wa polepole tu, sentimita 5 kwa sekunde, hata boya halionekani kusogea. Maji yanavuka kizimba cha mita 5 kwa sekunde 100. Dumu la bakteria rafiki ukilimimina saa 2:00 kamili, kabla ya saa 2:02 liko kwa jirani. Kwenye bwawa la ardhini hoja ni nyingine, maji yametulia. Kwenye kizimba cha ziwani unamimina pesa. Permanganeti ni vivyo hivyo, gramu 150 zingetosha kwa miligramu 2 kwa lita, ila hazikai. Na tafadhali, permanganeti na fomalini zisikutane kabisa, mchanganyiko huo unaweza kulipuka na kuwaka.

Mwarobaini, usiweke. Kile kinachoua wadudu ndani yake kikizidi kinaua samaki pia, na chai ya majani haina kipimo cha kujua umezidi wapi.

Fundi_Nyavu · Jumanne, saa 12:52 asubuhi

Dada hapo umenena. Na kwa wanaofikiria pampu ya hewa: samaki 6,000 wa gramu 300 ni kilo 1,800. Kila kilo inakula takriban gramu 0.3 za oksijeni kwa saa, jumla gramu 540 kwa saa. Mashine inaweza kuzalisha hizo, lakini mkondo unaziondoa kama ulivyosema. Pampu ina maana maji yakiwa yamesimama kabisa, ambayo ndiyo saa mbaya zaidi, basi. Kupunguza samaki na kubadilisha wavu kunaleta hewa nyingi kuliko mashine.

Mwalo_Kayenze · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Sawa, za kumimina zimeanguka. Imebaki ya kuchanganya kwenye chakula. Kitunguu saumu kina mashahidi wengi kuliko zote. Vifo vilikuwa 260 kwa siku, wakalisha siku tatu, vikashuka hadi 90. Watu wameona kwa macho yao. Tunawaambiaje?

Hadubini · Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Waliona kweli. Tatizo ni walianza siku gani.

Chukua kizimba cha mfano, namba ni za kuelezea tu. Vifo kwa siku kuanzia siku ya 9: 40, 95, 180, 260, 240, 150, 90, 45. Hivi ndivyo ugonjwa wa kuambukiza unavyotembea ndani ya kundi lililofungiwa. Unapanda wakati bado kuna wengi wa kuambukizwa, unafika kileleni, unashuka kwa sababu walio dhaifu wameisha na waliopona wana kinga. Unashuka wenyewe.

Sasa mfugaji anatafuta dawa lini? Siku ya kwanza ya vifo, 40, anavumilia. Siku ya tatu anaanza kupiga simu. Siku ya nne, vifo 260, dawa inafika. Yaani dawa inafika kileleni karibu kila mara, kwa sababu kilele ndicho kinachomfanya mtu atoe pesa. Chochote atakachotia hapo kitaonekana kimefanya kazi siku ya tatu: kitunguu, mlonge, hata unga wa dona. Ndiyo maana kila mwalo una dawa tofauti na zote zina mashahidi wakweli.

Kwa hiyo kizimba kimoja hakiwezi kukujibu, hata ukiandika kumbukumbu vizuri namna gani. Unahitaji kizimba kisichopewa dawa.

Luchelele_B · Jumanne, saa 2:30 asubuhi

Nani ataacha kizimba kife ili apate kulinganisha? Hiyo ni ya watafiti wenye mshahara, mkuu.

Hadubini · Jumanne, saa 3:10 asubuhi

Hakuna haja ya kizimba kizima. Shona vyandarua 6 vya mita 1 kwa 1, kina mita 1 na kidogo, matundu ya milimita 5 hadi 6. Vifunge kwenye fremu moja, kwa mstari unaokingama mkondo ili kimoja kisinyweshe kingine. Siku ya kupokea vifaranga, hesabu 100 kwa kila chandarua kutoka kwenye mifuko ileile. Andika vipande 6 vya karatasi, vitatu DAWA vitatu BILA, chagua kwa kufumba macho. Ukichagua kwa kuona, mkono wako utawapeleka wachangamfu kwenye dawa.

Kwa kitunguu: twanga, acha dakika 10, pima gramu 20 kwa kilo moja ya chakula, changanya na mililita 20 za mafuta ya kula ili kishike, anika kivulini, lisha siku hiyohiyo. Ukikianika juani au kukichemsha, nguvu yake kubwa inapotea. Kile chakula cha BILA nacho kipakwe mafuta kiasi kilekile na kianikwe vilevile, la sivyo utakuwa unapima mafuta. Anza siku ya kwanza, usisubiri vifo. Toa mizoga asubuhi na jioni, andika.

Kusoma matokeo ni rahisi. DAWA ikiwa 14, 19, 23 na BILA ikiwa 17, 22, 25, namba zimeingiliana, hakuna ulichopata. DAWA ikiwa 5, 7, 8 na BILA 19, 22, 26, vyote vitatu viko chini ya vyote vitatu. Kwa bahati tupu, mpangilio huo hutokea mara 1 katika 20. Rudia na kundi linalofuata la vifaranga. Ikitokea tena vilevile, una kitu cha kuwaambia wenzako.

Gharama ni vifaranga 600 na nyavu za kushona. Na usisahau kwamba ushahidi mwingi unaosifiwa wa kitunguu saumu ni wa samaki wa kwenye matangi. Unaweza kuwa wa kweli kule na usifae hapa, au ukafaa. Hii ni ya kujaribu. Sioni aibu kuijaribu.

Luchelele_B · Jumanne, saa 3:22 asubuhi

Hapo nimekuelewa. Naondoa pingamizi.

KusiNaMatlai · Jumanne, saa 5:40 asubuhi

Hili la kushindwa kujua nani kafanya kazi lina mfano mkubwa hapahapa ziwani. Magugumaji yalipoziba ghuba miaka ya 1990, waliletwa fukusi, wadudu wanaokula magugu hayo, wa aina mbili wa jenasi Neochetina. Uganda walianza kuwaachia mwaka 1995, Kenya na Tanzania wakafuata. Kufikia 1998 magugu yalianguka vibaya sana. Lakini 1997 na 1998 ndiyo ilikuwa ile El Niño, mvua, mawimbi, maji kupanda. Mpaka leo wataalamu wanabishana ni kiasi gani cha sifa kiende kwa fukusi na kiasi gani kwa hali ya hewa. Ziwa zima halina chandarua cha BILA.

Ila angalia tofauti yake na sangara. Fukusi kabla ya kuachiwa walifanyiwa majaribio juu ya mimea mingine ili kujulikana kama wataila. Sangara aliingizwa miaka ya 1950, akaongezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, bila kujua atafanya nini. Furu wa aina mamia wakapungua au kupotea. Na hata sato tunayemfuga aliletwa miaka hiyohiyo ya 1950, ngege, jamaa yake wa asili hapa ziwani, akapukutika.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kwa dawa isiyothibitishwa ni hiki: ikishindwa, unaweza kuirudisha? Chakula chenye kitunguu unaacha kukimwaga, yamekwisha. Vifaranga wa ukoo mpya kutoka nje bila karantini, wavu ukichanika hawarudi. Bakteria sugu ukishamtengeneza harudi.

Mama_Vizimba · Jumanne, saa 6:15 mchana

Na hapo ndipo unga wa kuku unapoingia. Niseme bila kuzunguka: usitie antibiotiki kizimbani kwa kubahatisha.

Samaki mgonjwa hali. Dawa iliyo kwenye chakula inaliwa na mzima, na iliyobaki inaanguka kitakoni. Unga ulionyunyizwa bila mafuta unayeyuka kabla punje haijafika mdomoni. Kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ni cha maji ya kunywa ya kuku, hakina uhusiano na kilo za sato. Kwa virusi haifanyi kitu. Na maji hayo wanakunywa watu wa mwalo. Kama maabara imeotesha bakteria na kuonyesha dawa ipi inamuua, daktari wa mifugo ataandika dozi kwa uzito wa samaki, siku za kulisha, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Bila karatasi hiyo, acha.

Mwalo_Kayenze · Jumanne, saa 1:05 usiku

Nashukuru sana. Limebaki lile la kuacha. Mtu anaacha lini?

Fundi_Nyavu · Jumanne, saa 2:00 usiku

Anza na thamani ya kinachokufa. Vifaranga 1,100 wa gramu 12 ni kilo 13 tu za samaki. Sato 200 wa gramu 300 ni kilo 60, na ndani yake umeshatia kama kilo 96 za chakula, ukihesabu kilo 1.6 za chakula kwa kilo ya samaki. Mtu analia na vifaranga 1,100 kwa sababu ni wengi machoni, anatumia wiki tatu na pesa ya dawa, halafu anapuuza wavu ulioziba unaoua wale 200.

Kwa vifo vya wakubwa vya alfajiri, acha kutafuta dawa leo. Hakuna. Kazi iko hapa: acha kulisha hadi saa 3 au 4 asubuhi oksijeni ikishapita 4, na siku ya dalili za maji kupinduka usilishe kabisa, maana kusaga chakula kunakula hewa. Badilisha wavu kila wiki mbili hadi nne kadiri mwani unavyoota, wa zamani uanike juani siku mbili tatu kisha uupige brashi. Waliofikia ukubwa wa soko wavune kabla ya kusi kukolea. Usiwavute kwa wavu hewa ikiwa tayari iko chini, utawamaliza. Msimu unaofuata anza na samaki 60 kwa mita ya ujazo badala ya 100. Kina cha mahali kiwe angalau mara mbili ya kina cha wavu na zibaki mita 3 au zaidi hadi tope. Kuhamisha kizimba kunataka kibali, na kukivuta ni polepole kuliko mtu anavyotembea, la sivyo samaki wanabanwa kwenye wavu wa nyuma.

Hadubini · Jumanne, saa 2:35 usiku

Kwa vifo vya vifaranga, weka mpaka kabla hujaanza, uandike kwenye daftari: dawa moja, makundi mawili ya vifaranga, kiasi fulani cha pesa kisichozidi thamani ya vifaranga wanaokufa kwa kawaida. Usichanganye dawa mbili. Namba zikiingiliana mara zote mbili, dawa hiyo imetoka. Ukiandika mpaka baada ya kuanza, utausogeza. Mfa maji haachi kutapatapa.

Na siku nne za kilele usijaribu kitu kipya kabisa. Hakuna utakachojifunza siku hizo.

Luchelele_B · Jumanne, saa 3:05 usiku

Lakini jibu likija ni TiLV, mnamwambia mtu akae tu aangalie?

Hadubini · Jumanne, saa 3:30 usiku

Hapana, kaka. Ameacha kutafuta tiba ya waliougua, hajaacha kutafuta. Swali linahama kutoka kizimbani kwenda kwa anayemuuzia vifaranga. Aombe kundi lipimwe virusi kabla ya kununua. Asichanganye vifaranga wa vituo viwili kwenye kizimba kimoja. Wasipewe chakula saa 24 kabla ya safari, wasafirishwe alfajiri kwenye mifuko yenye oksijeni, chumvi gramu 3 hadi 5 kwa lita kwenye maji ya safari. Wakifika, mifuko ielee dakika 20 hadi 30, maji ya ziwa yaongezwe kidogokidogo. Mwenye uwezo awalee nchi kavu kwenye matangi wiki mbili tatu, awaingize ziwani wakiwa gramu 20 au 30. Wakiwa watakufa, wafe kwenye tangi ambalo unaweza kulifunga na kulisafisha kwa klorini. Ndoo na vyandarua vya kizimba chenye vifo visiende kwenye kingine.

Walionusurika wabaki, wana kinga. Usiongeze vifaranga wapya katikati yao kujazia nafasi. Hilo kosa linafanyika sana na linawasha moto upya.

Mwalo_Kayenze · Jumatano, saa 12:10 asubuhi

Nimekusanya hivi kwa watakaopita. Kesho saa 11 alfajiri ni kupima hewa, kina tatu, ndani na nje. Ikiwa chini ya 4, hakuna dawa, ni wavu, msongamano na chakula. Ikiwa sawa, samaki 8 mahututi wafunguliwe, sampuli ziende maabara. Wakati majibu yanasubiriwa, hakuna kinachomwagwa majini. Vyandarua 6 vinashonwa kwa kundi la Septemba, kitunguu saumu peke yake, makundi mawili, basi. Kuna nilichosahau?

Mama_Vizimba · Jumatano, saa 12:25 asubuhi

Mizoga. Isitupwe ziwani na isiuzwe wala kukaushwa. Shimo la zaidi ya mita moja, mbali zaidi ya mita 60 kutoka ufukweni, tabaka la samaki, tabaka la chokaa, juu udongo wa kutosha mbwa wasifukue. Hesabu kabla ya kufukia, maana namba ya daftari inatoka pale shimoni.

KusiNaMatlai · Jumatano, saa 12:31 asubuhi

Na kundi la Septemba lisogeze hadi kusi itulie kweli. Ukiliingiza upepo ukiwa bado unavuma, vifo vya hewa vitaingia kwenye hesabu ya kitunguu na hutajua umepima nini. Pima joto la juu kila asubuhi, likikaa bila kushuka ghafla siku kumi mfululizo, waingize.